Uso wa Mwilenga

Brenda alinipigia simu jua likiwa limeshaegemea upande wa Tunduma.

"Dada Enesi, picha yako haina jina! Jumamosi ndiyo hiyo, wageni wakija watajuaje huyu mzee ni nani?"

Nikamwambia nitaandika kesho. Akasema kesho ghala litafungwa, anakwenda kukodi viti na maturubai. Brenda ndiye mratibu wa maonesho, binti mwenye mbio zake. Akikushika kwenye jambo hakuachii hata nafasi ya kumeza mate. Basi nikaepua maharage, nikamwachia mume wangu Jairo mtoto, nikachukua brashi nyembamba na kopo la rangi nyeusi, nikatoka.

Sikuwa na wasiwasi wowote. Kuandika herufi ndiyo kazi inayonilisha. Mabango ya maduka, ya mama lishe na ya vinyozi hapa Vwawa, mengi yaliyoko kando ya barabara kuu ni mkono wangu. Jina moja chini ya picha? Nilijua nitarudi maharage bado ya moto.

Maonesho yenyewe yalikuwa ya historia na sanaa ya wilaya yetu, na tuliyapanga kwenye ghala la zamani la kahawa. Ukiingia unapokewa na vikapu, vyungu na picha za wachuma kahawa wa enzi za mkoloni. Mwisho kabisa, kwenye ukuta usio na dirisha, palikuwa na kona ya chuma. Pale tuliweka majembe ya kale, mabonge ya mavi ya chuma, yale makapi ya kuyeyushia, yaliyookotwa kwenye matanuru ya milimani, na mvukuto wa ngozi ya mbuzi uliokauka hadi ukawa mgumu. Vyote vilikuwa vya mtu mmoja, Mwilenga, mfua chuma wa mwisho upande huu wa Mbozi. Mjukuu wake, bibi mmoja aliyeolewa Mbebe, ndiye aliyetuazima. Habari za Mwilenga zilikuwa fupi. Kiangazi kimoja, zamani hizo, alibeba majembe kwenda kuyauza ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Hakurudi. Hakuna aliyemzika.

Wala hakuna aliyewahi kumpiga picha, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Brenda alitaka uso ukutani. Wageni, alisema, hawasimami mbele ya jembe, wanasimama mbele ya uso. Mimi nikatafuta uso, na wa karibu ulikuwa wa mume wangu. Jairo ni fundi pikipiki, mashavu yameingia ndani, macho ameyakunja kwa kuzoea moto wa kuchomelea. Nilimkalisha uani kwenye kigoda, nikamchora kwenye plaiwudi, nikamwongezea mvi na makunyanzi. Muda wote alikuwa ananitania.

"Mama Rozi, unizeeshe vizuri. Nikifika huko uzeeni nisije nikajishangaa."

Tulicheka sana siku ile. Kicheko kile nakikumbuka kuliko picha yenyewe.

Basi nikafika ghalani. Mlinzi alikuwa nje ananunua karanga kwa mpita njia. Nikaingia, nikawasha taa, nikapiga magoti chini ya picha na kuanza kuandika. Herufi zilikuwa zinakwenda vizuri. Nilipobakiza herufi mbili, umeme ukakatika.

Hapa kwetu hilo si ajabu. Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye jembe, nikamalizia. Herufi ya mwisho ilipokamilika...

Fuuu...

Nikasimamisha brashi.

Fuuu... fuuu...

Ilikuwa pumzi. Nzito, ya taratibu, na ilitoka kwenye ule mvukuto mkavu. Nikajiambia ni upepo unapita kwenye mabati. Halafu ikaja harufu ya mkaa. Si mkaa uliopoa, ni mkaa unaopulizwa ukawa mwekundu, na chuma kikiwa ndani yake. Nikajiambia mlinzi amewasha jiko. Mtu ukitaka kutoogopa, hukosi la kujiambia.

Nikageuka ili nichukue kopo langu.

Mtu alikuwa amesimama kati ya vikapu na vyungu.

Alikuwa amejifunika blanketi hadi masikioni, kama wanavyofanya wazee wa huku baridi ya Juni ikikolea. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia.

"Maonesho bado hayajafunguliwa. Karibuni Jumamosi."

Akasogea. Akanyoosha kidole chake kwenye picha.

"Nani huyu?" Sauti ilikuwa chini, karibu haipo.

"Ni Mwilenga."

"Nani?"

"Mwilenga!" nikasema kwa nguvu, nikidhani masikio yake ni mazito.

Akaitazama picha kwa muda mrefu. Ule mvukuto nao ukanyamaza, kana kwamba unasubiri.

"Mwenye uso huu... amekubali?"

Nikacheka. Nilifikiri ni mmoja wa wale wazee wasiopenda mambo ya kuchorwa. "Amekubali mwenyewe, mzee wangu. Alikaa kwenye kigoda katulia mpaka nikamaliza."

"Kwenye kigoda," akanong'ona. "Vizuri."

Nikainua tochi nimwone vizuri. Na nilimwona. Naapa nilimwona, macho, pua, mdomo, vyote. Mimi uso nikiuona mara moja naweza kuuchora mwezi ujao bila kukosea. Lakini niliposhusha tochi kidogo tu, ule uso ukawa umenitoka kichwani wote, haukubaki hata unyusi. Nikainua tochi tena.

Hapakuwa na mtu.

Mlinzi, karanga zimejaa mdomoni, alinihakikishia kuwa hakuna aliyeingia wala kutoka. Jiko hakuwa amewasha. Nikarudi nyumbani nikikaribia kukimbia, huku najicheka mwenyewe.

Jairo alikuwa amekaa uani kwenye kile kigoda, amenipa mgongo. Maharage hayakuwa yameguswa. Binti yetu Rozi, ambaye maneno yake bado hayajakomaa, alikuwa amesimama mlangoni kidole mdomoni, machozi yanamtiririka bila sauti. Rozi akilia, mtaa mzima hujua. Sikuwahi kumwona akilia vile.

"Baba Rozi, mbona mtoto analia?"

Kimya.

"Jairo."

Hata bega halikutikisika.

Simu ikaita. Alikuwa Brenda, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na rangi, niliweka sauti ya nje. "Dada, mlinzi amenirushia picha, jina limependeza mno! Sasa sikia, mwambie shemeji, Mwilenga wetu, Jumamosi avae blanketi asimame kando ya picha, wageni wote watapita kumwamkia. Mwilenga oyee!"

"Naam," akajibu Jairo.

Hakugeuka. Aliitikia kwa utulivu, jinsi mtu anavyoitikia jina alilozaliwa nalo.

Nilitaka sana kuamini kuwa ni utani. Mume wangu ni mtu wa mizaha, angeweza kuuvuta utani wa namna ile hadi asubuhi. Lakini asubuhi nilimkuta amesimama kando ya barabara kuu, anayatazama malori yanayoelekea mpakani.

"Njia hii ilikuwa nyembamba," akasema. "Mtu na mzigo wake tu."

Alisema kwa Kinyiha, lugha ya kwetu mimi. Jairo ni Mnamwanga wa kule Momba. Kinyiha anakijua cha salamu, tena akikisema dada zangu humcheka.

Pale pale akapita Mzee Yonasi, jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu ambaye Jairo humwamkia huku amevua kofia. Safari hii Jairo hakuvua kofia. Alimtazama tu. Mzee Yonasi akasimama, akababaika. Nikaona mdomo wake unajiendea wenyewe.

"Shikamoo," akasema yule mzee wa watu.

"Marahaba," akajibu mume wangu.

Mzee Yonasi aliondoka haraka bila kuniaga, na tangu siku hiyo akawa anapitia njia ya nyuma.

Kazini nako hakukukalika. Rabson, fundi mwenzake, alinifuata nyumbani kuniambia kuwa Jairo hagusi pikipiki. Amechimba shimo nyuma ya kibanda, amejaza mkaa, anapuliza kwa mdomo kutwa nzima. "Shemeji, nikimwita ananipita kama kivuli. Mpeleke hospitali. Au mpeleke kuombewa." Jioni Jairo alirudi ananuka moshi, kucha nyeusi, akapita mbele ya mwanawe akakaa kwenye kigoda. Rozi akajificha nyuma ya gauni langu. Niliogopa, na zaidi ya kuogopa nilimkumbuka. Mume wangu alikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nimemkumbuka.

Ijumaa alfajiri nilimwacha Rozi kwa dada yangu, nikapanda gari la kwenda Ileje kumtafuta yule mjukuu wa Mwilenga.

Bibi Tulinagwe nilimkuta Mbebe, anachambua maharage kwenye ungo, ukungu umelala juu ya migomba yake. Nilitegemea kukuta mtu wa kuniogopesha. Nikakuta bibi mnene mwenye usingizi machoni, uso umechangamka, akanikaribisha kwa maziwa mgando. Nikamweleza yote, kuanzia kigoda hadi shikamoo ya Mzee Yonasi. Alipoacha kuchambua maharage nikajua kuwa ananiamini.

"Aliyetamka jina ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyesema mwenye uso amekubali?"

"Mimi, bibi."

Akaguna. "Kwetu mtu akifa, jina lake halilazwi nje. Mrithi anakalishwa kwenye kigoda, anaulizwa kama anakubali, anatajwa kwa jina la marehemu, watu wanamwamkia. Basi, marehemu amepata pa kukaa. Babu yangu hakuzikwa, lakini jina lingeweza kurithiwa vilevile. Wanaume wote wa ukoo wetu walilikataa. Baba yangu alihama kabisa ili asikalishwe."

"Kwa nini?"

Akaangalia mlangoni kabla ya kujibu, kisha akashusha sauti. "Tanuru la babu lilikuwa haligomi. Ya wengine yaligoma, la kwake halikugoma hata mara moja. Na kila msimu wa kuyeyusha chuma, kuna mtoto wa mtu alikuwa haonekani. Usiniulize zaidi, mwanangu. Sikuwapo."

Nilifikiria Rozi, kidole mdomoni, amesimama mlangoni. Nikayaweka maziwa chini.

"Nikifuta jina pale kwenye picha?"

"Jina umeshalitamka. Utafuta rangi tu."

"Nikiichoma picha?"

"Uso wa mumeo ndio uko pale. Wewe choma uone."

"Basi nisaidie, bibi. Ni babu yako. Ni wa kwenu."

Hapo alinitazama, nami nikaelewa kwa nini uso wake umechangamka. "Miaka yote hiyo mvukuto ule ulikuwa unapumua chini ya kitanda changu. Mlipokuja kuuomba, mliniona nikibisha? Nililia kwa furaha. Lakini yeye alibaki, akawa anazunguka nyumba. Juzi jioni ameondoka. Nimelala, mwanangu. Nimelala usingizi ambao sikuujua tangu utoto wangu. Sasa unataka niite wajukuu zangu, nichague mmoja, nimpe?" Akachukua ungo wake. "Mrithi hatoki mpaka awepo mwingine. Na kesho watu wakishamwamkia mumeo hadharani kwa jina lile, imekwisha. Hata huyo mwingine hatasaidia."

Nilimchukia. Njia nzima ya kurudi nilimchukia yule bibi na maharage yake, hadi nilipojiuliza kama Rozi angekuwa mjukuu wangu ningejibu nini. Hapo nikaacha kumchukia, nikabaki na hofu peke yake.

Ni ndani ya gari, tukipita kwenye vibanda vya Vwawa jua linazama, nilipoliona bango la kinyozi. Nimelichora mwenyewe. Kichwa cha mwanamume, denge limekaa sawasawa, shingo safi. Nimechora vichwa vya namna ile vingi hadi nimechoka navyo, na hakuna hata kimoja chenye mwenyewe. Mchoraji wa mabango hachori mtu, anachora kichwa. Pua inatoka huku, sikio linatoka kule, mkono unakwenda wenyewe.

Mwingine, alisema bibi. Hakusema lazima awe mtu.

Nilishuka mbio hadi ghalani. Mlinzi alinifungulia akaenda zake nje. Nikafungua kopo la rangi nyeupe, nikaomba samahani kwa uso wa mume wangu, nikapiga brashi pana. Paji la uso likaondoka. Macho yakaondoka. Mdomo ukaondoka.

Simu ikaita.

"Shemeji!" Rabson alikuwa anapiga kelele. "Njoo! Jairo kaanguka! Anajishikashika usoni anasema haoni... shemeji, hapati pumzi!"

Nikalitazama lile duara jeupe juu ya plaiwudi. Halikuwa na pua wala mdomo.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nilishika brashi nikaanza kuchora. Pua kwanza, Mungu wangu, pua kwanza! Pana, ya bango la kinyozi. Kisha mdomo. Kwenye simu nikasikia Rabson akisema, "Kavuta hewa! Kavuta!" Simu ikakatika. Nikachora macho yaliyopishana kidogo, jicho moja dogo kuliko lenzake, ili tu yasifanane na ya mtu yeyote ninayemjua. Nikatia kovu linalokata unyusi wa kushoto. Sikio moja nikalichana ncha. Nilikuwa nabuni, naongeza, nachafua, nikimkimbia kila mtu niliyewahi kukutana naye. Mwisho nikaweka mvi na makunyanzi.

Taa zikazimika.

Fuuu... fuuu... fuuu...

Harufu ya mkaa ikajaa ghalani hadi macho yakaniwasha. Sikugeuka. Nilijua yuko nyuma yangu, kwa sababu shingo yangu ilikuwa inapata joto.

"Nani huyu?"

Nikasema, "Mwilenga."

"Nani?"

"Mwilenga."

Nilisikia blanketi likiburuza sakafuni. Alikuwa amesogea kuutazama uso kwa karibu, na aliutazama kwa muda, jinsi mtu anavyolitazama shati dukani kabla ya kulivaa.

"Amekubali?"

Nilifikiri kusema ukweli, kwamba hakuna wa kukubali. Nikafikiri Jairo yuko sakafuni kwenye kibanda cha Rabson. Nikafikiria kesho, na watu wakimpangia foleni kumwamkia, na Rozi akikua ndani ya nyumba moja na kile kitu.

"Amekubali," nikasema.

Joto likaondoka shingoni. Mvukuto ukatoa pumzi moja ndefu, ukanyamaza. Taa ziliporudi nilikuwa peke yangu, brashi imenidondoka, na chini ya picha, kwenye vumbi, palikuwa na majivu kidogo. Simu ikaita tena.

"Mama Rozi." Ilikuwa sauti yenyewe, ile yenye kicheko pembeni. "Uko wapi wewe? Nimeamka nimelala chini kwa Rabson, kucha nyeusi, wananiangalia kama maiti. Mmenifanya nini? Na mtoto yuko wapi?"

Nilikaa chini kwenye mavi ya chuma nikalia hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Jumamosi watu walijaa. Brenda aliruka aliponiona. "Dada, umebadilisha uso! Ule wa shemeji ulikuwa mzuri!" Nikamwambia ule haukukaa vizuri. Akautazama huu mpya, akasema kwa kweli huu una maisha zaidi, akakimbilia vipaza sauti. Kwaya iliimba. Wanafunzi walipita wakigusa walivyokatazwa. Jairo alikuwa amempandisha Rozi mabegani, Rozi anamvuta masikio, nami nilitembea nyuma yao nikiwa na furaha ambayo ilinifanya nimsalimie kila mtu, hata nisiyemjua.

Jioni ilikuwa imeanza kuingia, wageni wamepungua, niliposikia vicheko kwenye kona ya chuma. Vijana watatu na mwanamke mmoja mjamzito, wametoka Tunduma. Wavulana walikuwa na zile fulana za mawakala wa magari ya mizigo ya mpakani.

"Oya Eliudi, njoo! Huyu si wewe? Wamekuchora uzeeni!"

"Acheni utani," akasema huyo aliyeitwa Eliudi, akisogea huku anatabasamu.

Alikuwa na pua pana. Jicho moja lilikuwa dogo kuliko lenzake. Kovu lilikata unyusi wa kushoto, na ncha ya sikio lake ilikuwa imechanika.

Sikuwahi kumwona mtu yule maishani mwangu.

Mkewe aliinama akasoma jina kwa sauti, anacheka, mkono mmoja kwenye tumbo. "Mwilenga. Jamani, kumbe nimeolewa na babu!" Na wale rafiki zake, kwa kuendeleza mzaha, wakajipanga mbele yake, wakainamisha vichwa, mmoja akapiga saluti.

"Shikamoo, Mzee Mwilenga!"

Tabasamu lilikuwa bado usoni kwa Eliudi. Nililiona likikaa pale kidogo, halafu likawa halina mtu.

"Marahaba," akasema.

Wenzake waliangua kicheko, wakapiga makofi. Mkewe alinikuta nimesimama, mikono yangu bado ina rangi kwenye kucha. "Dada, wewe ndiye mchoraji? Mimi naitwa Atupele. Mume wangu ulimwona wapi?" Alikuwa na uso mwema. Aliuliza kwa furaha, akitaka hadithi nzuri ya kwenda kusimulia nyumbani.

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia amtoe pale, amwite jina lake mpaka aitikie, asithubutu kulala naye nyumba moja mtoto akizaliwa. Na mrithi hatoki mpaka awepo mwingine. Nikatazama upande wa vikapu. Jairo alikuwa anamzungusha Rozi hewani, mtoto anapiga kelele za furaha ghala zima.

"Sijawahi kumwona," nikamjibu. "Imetokea tu."

"Basi una mkono wa ajabu," akasema Atupele, akanishukuru. Akamgeukia mumewe. "Eliudi, twende, magari yataisha."

Hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mvukuto, anaipapasa ile ngozi kavu kwa viganja vyote viwili.

"Eliudi?"

Jairo alikuja akasimama kando yangu, akanusa hewa, akakunja uso. "Mama Rozi, unasikia harufu ya mkaa?"

"Hapana," nikamwambia. "Twende nyumbani."

Nyuma yetu yule mama aliendelea kuita jina la mumewe, kwanza akicheka, kisha bila kucheka.